Sauti imeharibika: kutafuta kosa unaporekodi wimbo nyumbani

Wimbo ukitoka mbovu, wengi hukimbilia programu. Wanarundika efekti, wanahama BandLab kwenda FL Studio, wanaomba mafaili ya mipangilio kwa prodyuza wa mtaani. Mara nyingi kosa limeshaingia kabla hata kitufe chekundu hakijabonyezwa, na hakuna efekti ya kulitoa. Kwa hiyo swali la kwanza ni limeingilia wapi: chumbani, kwenye maiki na waya wake, kwenye geini (kiasi cha kukuza sauti inapoingia), ndani ya kompyuta, wakati wa kumiksi, au njiani wimbo ukienda kwa msikilizaji.

Kipimo hakigharimu kitu. Vaa hedifoni za waya. Rekodi sekunde 30 za kimya, chumba kikiwa kama kilivyo. Kisha rekodi sekunde nyingine 30 ukiimba kiitikio kwa nguvu zako zote, bila biti. Zima efekti zote na usikilize vipande hivyo kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kinatoa habari za chumba na umeme, cha pili kinatoa habari za geini na mahali uliposimama. Kila ukirekebisha, gusa kitu kimoja tu kisha urudie kipimo. Ukibadilisha waya, maiki na kona ya chumba kwa mpigo, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Yanayofuata nimeyapanga kwa jinsi watu wanavyolalamika.

"Nikipandisha, sauti inakwaruza"

Kuza picha ya wimbi la sauti kwenye skrini. Ukiona vilele vimekatwa bapa juu na chini, geini ilikuwa kubwa. Sauti ya kidijitali ina kikomo kimoja, 0 dB, na kilichozidi hapo kimepotea. Kushusha sauti baadaye kunakupa mkwaruzo uleule kwa sauti ya chini. Punguza geini kwenye intafesi (kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta) mpaka sehemu kali kuliko zote icheze kati ya -12 na -6 dB, kisha rudia kurekodi. Usiogope wimbi kuonekana dogo, utalipandisha wakati wa kumiksi.

Chanzo chake karibu kila mara ni kilekile: mtu anapima geini kwa kusema "cheki, moja, mbili" kwa sauti ya maongezi, halafu akifika kwenye kiitikio anaachia koo lote. Pima kwa kiitikio.

Kuna mkwaruzo wa pili, mjanja zaidi. Wimbi limekaa vizuri, halijakaribia kikomo, lakini sauti bado ni mbovu. Hapo imeharibika kabla ya kufika kwenye programu. Ama intafesi ilizidiwa na wewe ukashusha sauti upande wa kompyuta, ama maiki ya simu imezidiwa na mdomo wako. Kwa simu, dawa ni umbali. Iweke mbele yako, isiwe chini ya kidevu, na urudi hatua moja unapopanda. App yako ikiwa na sehemu ya kuzima urekebishaji wa sauti unaojiendesha, izime, maana ndiyo inayonyanyua ubeti wa polepole na kukibana kiitikio.

Yale mapigo ya "pu" na "bu" ni pumzi inayogonga maiki, hayahusiani na geini. Soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya waya wa henga, ikakaa vidole vinne mbele ya maiki, inatosha. Ukikosa hata hiyo, igeuze maiki kidogo ili pumzi ipite pembeni.

"Nasikika kama niko ndani ya tangi la maji"

Hapa ndipo rekodi nyingi za nyumbani hufia. Kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae, bati juu bila dari, dirisha la vioo: vyote vinarudisha sauti. Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, ujue mlio huo utaambatana na kila neno utakaloimba.

Anza na umbali, kwa kuwa ni bure. Shibiri moja kati ya mdomo na maiki ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukikaa mita nzima, maiki inapokea chumba karibu kama inavyokupokea wewe. Ukiisogelea mno, besi inavimba na unatoka na sauti nzito ya mtangazaji. Hiyo ni tabia ya maiki za mwelekeo mmoja, na inaisha ukirudi nyuma kidogo.

Halafu angalia upande. Maiki nyingi kubwa za kondensa (aina inayohitaji umeme na kudaka hata sauti ndogo) husikia ubavuni, kwa kawaida upande wenye nembo, si kichwani. Utamkuta mtu kainama anaimbia ncha yake, kwa sababu ndivyo alivyozoea kushika maiki ya jukwaani. Ongea mfululizo huku ukiizungusha maiki taratibu, na hedifoni zitakuonyesha uso wake uko wapi.

Baada ya hapo ndipo tunakuja kwenye chumba chenyewe, na nianze na trei za mayai: ni mapambo. Kadibodi ile ni nyembamba, inapunguza sauti za juu kidogo tu na kuziacha zile za kati, ambako ndiko sauti ya mtu inakaa. Juu ya hayo inashika moto upesi. Kanga moja ukutani nayo ni hivyohivyo. Kinachofanya kazi ni unene: godoro, blanketi zito, makochi, kabati lililojaa nguo na milango yake wazi.

Lisimamishe godoro nyuma yako, si nyuma ya maiki. Wengi hufanya kinyume. Maiki ya mwelekeo mmoja inasikia vizuri kilicho mbele yake, na mbele yake uko wewe pamoja na ukuta ulio mgongoni mwako. Ukuta huo ndio unaorudisha sauti yako moja kwa moja ndani ya maiki. Ukipata godoro la pili, liweke ubavuni. Blanketi ukilitundika, liache upana wa kiganja kutoka ukutani, maana lililogandana na ukuta linafanya kazi kidogo. Epuka pia kusimama kwenye kona, kwa kuwa besi hujikusanya huko.

Kwa anayepiga galatoni, maiki isitazame tundu la gitaa. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili, shibiri moja hadi moja na nusu. Tunduni utapata mngurumo unaofunika kila nyuzi.

Bati nalo lina saa zake. Mvua ikinyesha hakuna kurekodi, hiyo ni siku ya kumiksi. Hata pasipo mvua, jioni bati linapoanza kupoa hulia "ta… ta…", na maiki ya kondensa haikosi hata moja. Mitaa mingi ya Dar hutulia kuanzia saa tano usiku mpaka kabla ya majogoo, ila kila mtaa una ratiba yake: jenereta la jirani, mashine ya kusaga, adhana, bodaboda za kijiweni. Kaa jioni moja usikilize bila kurekodi. Mwangwi utauongeza baadaye kadiri upendavyo. Kuutoa ukishaingia ni kazi ngumu, na matokeo yake huwa ya kulazimisha.

"Kuna kelele chini ya sauti"

Kwanza itambue kwa sikio, kwa sababu kila kelele ina mzazi wake.

"Mmm" nzito isiyobadilika ni umeme. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa 50 Hz, na mvumo wake husikika hapo pamoja na 100 na 150. Chomoa chaja ya laptop urekodi kwa betri. Mvumo ukitoweka, mshukiwa ni chaja au soketi. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi zisizo na waya wa ardhi, au plagi ya miguu mitatu imepitishwa kwenye adapta ya miguu miwili. Vifaa vyote vichomeke kwenye ekstensheni moja, kwenye soketi yenye ardhi. Kuna wanaoshauri kukata mguu wa ardhi ili mvumo uishe. Usithubutu, mguu huo ndio unaokulinda siku kifaa kikipata hitilafu ukiwa umeshika maiki ya chuma. Na ukihisi umeme unakuchonyota ukigusa maiki au nyuzi, acha kurekodi umwite fundi umeme. Gitaa la umeme hudaka mvumo hata nyaya za nyumba zikiwa safi. Lishike ukiwa umekaa, zunguka taratibu kwenye kiti, na utapata upande ambao mvumo unapungua.

"Shhh" maana yake geini imepandishwa kufidia kitu. Ama uko mbali na maiki, ama maiki haipati nguvu yake. Zile seti za bei nafuu za maiki ya kondensa, zenye mkono wa kubana mezani na waya wa jeki ndogo, zinalalamikiwa sana kwa hili. Maiki ya aina hiyo imetengenezwa kwa volti 48, na tundu la laptop huipa volti chache tu. Sauti inaingia hafifu, unapandisha, unavuna "shhh". Inataka intafesi yenye kitufe cha 48V, au kisanduku cha umeme huo peke yake. Maiki ya dainamiki, mfano Shure SM58 iliyoko sokoni tangu 1966, haihitaji volti hizo, na kwa chumba chenye kelele mimi ningeichagua hiyo kabla ya kondensa. Haidaki chumba kwa urahisi, na ikianguka haifi.

"Tititi-tititi" ni simu iliyo karibu na waya. Iweke kwenye hali ya ndegeni. "Ziii" nyembamba inayobadilika ukisogeza kipanya inatoka kwenye USB, basi hamisha tundu na uache kupitia kigawanyio. "Vuuu" ni feni au friji. Feni zima, imba ubeti mmoja, washa, pumzika. Friji ukilizima, weka funguo za nyumba ndani yake. Hutatoka bila kukumbuka kuliwasha, na samaki watasalimika.

Kelele ndogo iliyobaki inaweza kupunguzwa kwa kifaa cha kuondoa kelele kilicho ndani ya Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Kinahitaji kusomeshwa kwanza sampuli ya kelele tupu, na zile sekunde 30 za kimya ndizo sampuli yenyewe. Tumia kidogo. Ukikikaza, sauti yako inaanza kububujika kama imezamishwa majini, na hapo kelele ilikuwa afadhali.

"Haiingii kabisa"

Kagua kwa mpangilio huu: ruhusa ya maiki kwenye mfumo wa simu au kompyuta, kifaa kilichochaguliwa ndani ya programu, ambacho mara nyingi kimebaki maiki ya laptop, kitufe cha 48V, waya. Kwa simu, hesabu mistari myeusi kwenye jeki. Maiki ya simu inataka jeki yenye mistari mitatu, na iliyo na miwili ni ya kamera, itahitaji adapta. Kama ni maiki ya USB, hakikisha simu inakubali OTG, yaani kupokea kifaa cha USB, maana baadhi huizima kwenye mipangilio.

"Naimba na biti, nikisikiliza niko nyuma"

Hili linachanganya watu kwa sababu ni matatizo matatu yanayofanana.

La kwanza, unajisikia umechelewa *wakati unaimba*. Kama hedifoni zako ni za Bluetooth, tafuta za waya. Bluetooth ya kawaida huchelewesha zaidi ya milisekunde 100, na hakuna mwimbaji anayeweza kukaa kwenye mapigo hapo. Kama ni za waya, angalia bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia. Bafa ya sampuli 1024 kwenye 44,100 Hz (sampuli 44,100 za sauti kwa sekunde) ni milisekunde 23 za kuingia peke yake, kabla hujahesabu za kutoka. 128 ni kama 3. Ishushe unaporekodi, ipandishe unapomiksi, kwani ikiwa ndogo na efekti ni nyingi sauti itakatika-katika. Kwenye Windows tumia dereva wa ASIO wa intafesi yako, yaani programu ya kuendesha kifaa inayopunguza ucheleweshaji. Kama haina, ASIO4ALL ni ya bure. Na kama intafesi ina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, kiwashe, kisha unyamazishe sauti yako inayorudi kutoka kwenye programu.

La pili, ulijisikia sawa, lakini vokali (sauti yako ya kuimba) zilizorekodiwa ziko nyuma kwa kiasi kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo programu haijui kifaa chako kinachelewesha kiasi gani. Weka hedifoni juu ya maiki, cheza mlio wa kuhesabia, urekodi. Pengo kati ya mlio wa awali na uliorekodiwa ndilo la kusahihisha kwenye mipangilio ya ucheleweshaji. Ukilipata, halihitaji kuguswa tena mpaka ubadilishe kifaa au bafa.

La tatu, mwanzo mko pamoja na mwisho mmeachana. Usihangaike kusukuma traki, haitakaa. Ama ulicheza biti kwenye simu moja na kurekodi kwenye nyingine, na saa za vifaa viwili hazilingani kamwe. Ama viwango vya sampuli vimepishana. Dalili ya hili la mwisho iko wazi: biti ya 44,100 ikichezwa kana kwamba ni 48,000, wimbo wa dakika 3 unaisha kwenye dakika 2 na sekunde 45, na ufunguo unapanda karibu nusu-toni moja na nusu. Mwimbaji analalamika leo biti iko juu, na hana makosa. Weka mradi mzima kwenye kiwango kimoja kabla ya kuingiza chochote.

Biti ikisikika ndani ya traki ya vokali, hedifoni zinavuja. Tumia zinazofunika sikio lote, ushushe sauti.

"Kwenye hedifoni tamu, kwenye simu imepotea"

Spika ya simu haitoi besi ya chini, kwa hiyo biti iliyosimama juu ya besi peke yake itabaki vinanda na kofi. Ongeza efekti ya kukoleza kwenye besi ili ipate sauti za juu yake kidogo, na sikio la msikilizaji litajazia zilizobaki. Kwenye vokali, kata kila kitu chini ya 80 hadi 100 Hz. Hakuna maneno huko, kuna mitetemo ya meza na magari.

Vokali zenyewe zikififia au kutoweka kwenye simu, geuza mradi mzima kuwa mono, yaani kushoto na kulia viunganishwe kuwa kimoja. Zikinyong'onyea, ulizipanua kwa efekti ya stirio na pande mbili zinafutana. Iondoe. Kama unataka upana, imba mara mbili kwelikweli, moja uiweke kushoto na nyingine kulia. Galatoni iliyorekodiwa kwa maiki mbili hupata ugonjwa huohuo. Geuza fezi ya moja (wimbi lake lipinduliwe juu chini), uchague ile hali inayokupa besi zaidi.

Chukua pia wimbo wa mtu mwingine unaoupenda, uingize ndani ya mradi, uushushe mpaka ulingane na wako kwa masikio, kisha uwe unaruka kati ya huo na wako. Kosa la kushindanisha bila kusawazisha ni kwamba ulio juu kwa sauti hushinda daima. Ukimaliza, mpe dereva wa bajaji mwenye spika nyuma ya kiti auchezee njiani. Maneno yakisikika juu ya injini, umemaliza.

"Nikiutuma unaharibika"

Dakika 4 za WAV ya ubora wa CD ni kama MB 42. MP3 ya 320 kbps ni karibu MB 10, ya 128 ni chini ya 4, na hapo upatu na herufi "s" zinaanza kufanya ukungu. Kwa kushirikiana na prodyuza tuma WAV; kwa kuonjesha watu, MP3 ya 320. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti. Usiicheze kwenye spika na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti, halafu ukasema miksi ni mbaya. Kila mara toa MP3 kutoka kwenye WAV asilia. MP3 iliyotolewa kwenye MP3 inapoteza mara mbili.

Wimbo unaosikika mdogo kwenye Spotify kuliko ulivyo kwako mara nyingi ulibanwa sana. Huduma hiyo kwa kawaida husawazisha nyimbo kuelekea -14 LUFS, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti, kwa hiyo uliokandamizwa hadi -7 unashushwa, na kilichobaki ni ule ubapa wake. Acha vilele viishie -1 dB, usikimbizane na mita.

"Umepanda, sasa kuna madai"

Ukipata dai la hakimiliki YouTube kwa wimbo ulioutunga mwenyewe, tazama biti. Leseni isiyo ya kipekee inauzwa kwa wasanii wengi, na mmoja wao akiandikisha wimbo wake kwenye mfumo wa utambuzi wa YouTube, wako nao unanaswa. Pinga dai ukiambatanisha leseni na risiti, na wewe mwenyewe usiiandikishe biti ya namna hiyo huko. Zile zinazoandikwa "bure" mara nyingi ni bure kwa kazi isiyouzwa tu. Soma kabla ya kuimba. Biti ya prodyuza wa mtaani nayo iandikiwe karatasi, hata ya mstari mmoja mmoja: nani kamiliki nini, kwa asilimia ngapi. Kwa usajili wa kazi, Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO.

Msambazaji (anayepeleka wimbo wako kwenye huduma za kusikiliza) akikurudishia wimbo, kava ndilo mshukiwa wa kawaida. Wengi wanataka picha ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, isiyo na namba ya simu wala nembo za mitandao.

Na wimbo wako ukitokea kwenye ukurasa wa msanii mwingine mwenye jina kama lako, mwandikie msambazaji pamoja na kiungo cha ukurasa ulio sahihi, wanahamisha. Ila kabla ya wimbo wa kwanza, lisake jina lako Boomplay, Audiomack na Spotify. Likiwa na mwenyewe, liongezee neno sasa hivi, maana kulibadilisha ukiwa na nyimbo sita hewani ni kumwandikia msambazaji kwa kila wimbo.